Mwongozo kamili: kupanga hifadhi ya picha za mionzi ili zifunguke hata baada ya miaka kumi

"Kaka, diski imejaa. Nifute za mwaka gani?"

Simu ya namna hii nimeipokea mara nyingi kutoka kwa wataalamu wa mionzi. Karibu kila mara inapigwa asubuhi, foleni ya wagonjwa imefika mlangoni na mashine ya CT imegoma kupokea mgonjwa mpya. Anayepiga hana kosa. Hospitali ilinunua mashine, ikanunua na seva, ikaamini kwamba hifadhi imepatikana, kumbe kilichopatikana ni nafasi tu.

Hifadhi ni jambo jingine. Mama aliyepimwa leo akirudi baada ya miaka minane na uvimbe mahali palepale, daktari aweze kuifungua picha ya leo na kuiweka kando ya ile mpya. Kama haifunguki, au inafunguka ikiwa na jina la mtu mwingine, hakuna kilichohifadhiwa. Hatua zote hapa chini zinalenga hapo, kwenye siku ya kuirudisha picha.

Nimeandika nikifikiria hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye eksirei ya kidijitali, ultrasaundi, mamografia (eksirei ya matiti), na CT moja. Ukiwa na MRI, njia ni ileile, hesabu ndiyo itakayokua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya kila mashine inayotoa picha, pamoja na mwaka iliponunuliwa.
- Rejista ya radiolojia ya miezi mitatu ya karibuni.
- Mkataba wa mfumo wa kutunza picha, yaani PACS, wenye kurasa zote. Mara nyingi viambatisho ndivyo vinavyokosekana, na humo ndimo yalimo ya muhimu.
- Seva yenye nafasi ya diski sita au zaidi, UPS (kifaa cha kushikilia umeme unapokatika) yenye betri nzima, na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku.
- Kifaa cha pili cha kuhifadhia, kikae jengo tofauti.
- Diski za nje, angalau jozi mbili, au kanda za sumaku za LTO kama bajeti inaruhusu.
- Watu watatu wanaokaa meza moja: mkuu wa radiolojia, afisa TEHAMA, na afisa kumbukumbu za afya. Mganga mfawidhi asaini watakachokubaliana.
- Daftari la karatasi lenye jalada gumu. Siku seva ikizimika, maelekezo yaliyomo ndani ya seva hayasomeki.

Kama hujapata kifaa cha pili, usisubiri. Anza hatua ya 1 hadi ya 3. Sehemu kubwa yake haina gharama, na ndizo zitakazokupa hoja mbele ya kamati ya bajeti.

## Hatua ya 1: Hesabu picha zako, usikisie

Chukua rejista, hesabu vipimo vya kila mashine kwa miezi mitatu, gawanya kwa idadi ya siku. Kisha nenda kwenye mashine yenyewe, fungua vipimo ishirini vya kawaida, na uandike ukubwa wake. Usitumie namba za muuzaji, maana vifaa na mipangilio hutofautiana.

CT, inayopiga mwili kipande kwa kipande, ndiyo inayowadanganya wengi. Kipande kimoja cha CT kina nukta 512 kwa 512, na kila nukta inachukua baiti 2, yaani nusu megabaiti kwa kipande. Ni kidogo kwa macho. Lakini kipimo cha tumbo chenye vipande vyembamba kinafika vipande 600 bila shida, na hapo ni megabaiti 300 kwa mgonjwa mmoja.

Huu hapa mfano kamili, ubadilishe namba ziwe zako:

- Eksirei: wagonjwa 80 kwa siku, picha mbili za megabaiti 15 kila mmoja. Gigabaiti 2.4.
- CT: wagonjwa 12, megabaiti 300 kila mmoja. Gigabaiti 3.6.
- Ultrasaundi: wagonjwa 40, megabaiti 10 kila mmoja. Gigabaiti 0.4.
- Mamografia: wagonjwa 3, picha nne za megabaiti 40 kila mmoja. Karibu gigabaiti 0.5.

Jumla ni gigabaiti 6.9 kwa siku, sawa na terabaiti 2.5 kwa mwaka. Ukitumia mbano usiopoteza chochote, kama JPEG 2000 katika hali yake isiyopoteza data, ukubwa hushuka hadi karibu nusu: terabaiti 1.25.

Sasa ongeza ukuaji. Mimi hutumia asilimia 20 kwa mwaka, kwa sababu mashine ikishazoeleka, madaktari huandika vipimo zaidi. Kwa miaka mitano, picha zilizobanwa zitafika terabaiti 9.3. Acha asilimia 20 ya diski iwe wazi, na utahitaji takriban terabaiti 11.6 zinazotumika kweli.

Panga kununua kwa miaka mitano, si kumi. Kwa mfano huuhuu, miaka kumi inadai zaidi ya terabaiti 32, na ukizinunua leo utakuwa umelipia diski zitakazochakaa kabla hazijajaa.

Angalizo: watengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1024. Terabaiti 16 za kwenye boksi zitaonekana kama 14.5 kwenye skrini. Hujaibiwa, ila andika zabuni yako ukilijua hilo.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye namba tatu: ukuaji kwa siku, mahitaji ya miaka mitano, na tarehe ambayo diski ya sasa itajaa. Hiyo tarehe ibandike ukutani.

## Hatua ya 2: Amueni nini kinatunzwa na kwa muda gani

Bila uamuzi wa maandishi, anayeamua ni yule aliye zamu siku diski inapojaa, naye atafuta za zamani kuliko zote. Hizo za zamani ndizo zisizo na nakala popote.

Kaeni watu watatu, mfuate miongozo ya wizara yenu, kisha mwandike sera ya ukurasa mmoja. Msiweke muda mmoja kwa wote. Picha ya mtoto inatakiwa idumu hadi awe mtu mzima na miaka kadhaa mbele, na Uingereza, kwa mfano, kumbukumbu za mtoto hutunzwa hadi afikishe miaka 25. Mamografia ina thamani kwa sababu inalinganishwa na iliyopita, na sheria ya Marekani inadai miaka 5 kwa uchache, au 10 kama mgonjwa hakupigwa nyingine hapo. Wagonjwa wa saratani msiwafutie.

Kuna kundi ambalo huwa linasahaulika kabisa: majeruhi waliokuja na fomu ya polisi, PF3, au P3 kwa wenzetu wa Kenya. Picha ya mkono uliovunjwa katika ugomvi ni ushahidi, na kesi inaweza kuitwa baada ya miaka. Wekeni alama maalumu kwenye mfumo tangu siku ya kwanza ili picha hizo zisiguswe na ufutaji wowote.

Amueni pia kuhusu vipande vyembamba vya CT. Baadhi ya hospitali hutunza vyote milele, nyingine huacha vile vinene peke yake baada ya muda. Huu ni uamuzi wa daktari bingwa wa radiolojia. Afisa TEHAMA asiufanye peke yake kwa sababu ya nafasi.

## Hatua ya 3: Safisha majina, namba na saa

Hapa ningekaa nawe siku nzima kama ningeweza, kwa sababu hapa ndipo picha zinapopotea zikiwa zipo.

Mgonjwa aliandikwa Mwajuma Ally mwaka juzi. Leo mwenye zamu ameandika Mwajuma Ali. Mwaka ujao ataandikwa Mwajumaa. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Daktari akitafuta picha ya zamani ataambiwa hakuna, na mgonjwa atapigwa mionzi upya bila sababu.

Dawa yake ni kutoandika jina kwenye mashine ya picha. Mgonjwa asajiliwe mara moja tu mapokezi, kwenye mfumo wa hospitali, iwe ni GoTHoMIS au mwingine. Kisha mashine ivute jina na namba kutoka huko kupitia orodha ya kazi, ile mafundi wanaiita woklisti. Karibu kila CT na eksirei ya kidijitali inayouzwa sasa ina uwezo huo, lakini mara nyingi umeachwa umezimwa, au unauzwa kama leseni ya pembeni. Uulizie kabla ya kusaini manunuzi.

Mgonjwa wa dharura asiyejulikana apewe namba ya muda kwa utaratibu ulioandikwa, na kesho yake afisa kumbukumbu aunganishe rekodi. Atajwe mtu mwenye jukumu hilo. "Tutaunganisha" bila mtu maana yake haitaunganishwa.

Halafu kuna saa ya mashine. Niliwahi kuikuta eksirei ambayo betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika ilirudi tarehe 1 Januari 2000, na hakuna aliyegundua kwa sababu picha zenyewe zilikuwa safi kabisa. Fikiria mfumo uliopangwa kufuta vipimo vya zaidi ya miaka kumi: picha ya asubuhi hii ingefutwa usiku huuhuu. Unganisha mashine zote na seva moja ya muda, na kila Jumatatu mtaalamu wa mionzi alinganishe saa ya mashine na ya simu yake.

Umefaulu kama ukichagua wagonjwa ishirini wa wiki iliyopita, namba zao kwenye picha zinalingana na za kwenye faili la hospitali, zote ishirini. Kumi na tisa hazitoshi. Tafuta chanzo cha yule mmoja.

## Hatua ya 4: Tunza DICOM yenyewe

DICOM ni muundo wa kimataifa wa picha za tiba. Ndani ya faili lake mna picha, na mna pia jina, namba, tarehe, mashine na vipimo vya mionzi. Hivyo seva ikifa na kanzidata yake, mafaili ya DICOM yaliyosalimika yanaweza kupakiwa kwenye mfumo mpya na kila picha ikamjua mgonjwa wake.

Usikubali hifadhi ya JPG, wala picha zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini. JPG ya kawaida ina ngazi 256 za kijivu. CT ina 4,096 au zaidi, na ndiyo maana daktari anaweza kutazama mapafu, kisha akageuza mwanga na kutazama mfupa kwenye picha ileile. Ukiibadili kuwa JPG umechagua kimoja na kuvitupa vingine.

Kama bajeti ni ndogo, ipo programu huria ya Orthanc, iliyoanzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. Inapokea, inatunza na kutoa DICOM bila leseni ya kulipia. Kwa hospitali yenye mzigo kama wa mfano wetu, iunganishe na kanzidata ya PostgreSQL badala ya ile ndogo inayokuja nayo. Programu nyingine, dcm4chee, nayo ni imara, ila inadai fundi mzoefu zaidi.

Kwenye mpangilio wa CT tafuta kipengele kilichoandikwa Storage Commitment, ukiwashe kama PACS yako inakikubali. Bila hicho, mashine hutuma picha na kuamini zimefika. Nacho, mashine inaiuliza seva: je, umezipokea na unachukua dhamana? Ikijibiwa ndiyo, hapo tu ndipo inaruhusiwa kufuta za kwake. Picha zinazopotea katikati, mtandao ukiwa umeyumba dakika mbili, huokolewa hapa.

## Hatua ya 5: Jenga nakala tatu

Nakala ya kwanza ni seva kuu. Diski sita za terabaiti 4 katika RAID 6, yaani mpangilio wa kuziunganisha diski zifanye kazi kama moja, hukupa terabaiti 16 za kutumia, na diski mbili zinaweza kufa kwa pamoja bila kupoteza kitu. RAID 5 huvumilia moja tu, na ya pili hupenda kufa wakati ile ya kwanza inabadilishwa, kwa sababu zote zinafanyishwa kazi kubwa kwa saa nyingi. Nunua diski ya saba iwe ya akiba, ikae kabatini. Kusubiri diski kupitia mchakato wa manunuzi kunaweza kuchukua miezi.

Nakala ya pili ikae jengo jingine, ijazwe kila usiku. Jengo jingine, kwa sababu moto na bomba lililopasuka havichagui chumba. Kwa walioko pwani, hewa ya chumvi hula vifaa, hivyo chumba kifungwe vizuri na vichujio vya vumbi visafishwe kila mwezi.

Nakala ya tatu ikae imechomolewa. Kila wiki unganisha diski ya nje, nakili vipya, chomoa, ifungie kwenye kabati la chuma, na wiki inayofuata tumia jozi ya pili. Mwaka 2017 virusi vya WannaCry vilizifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na virusi vya namna hiyo hufuata kila kilichounganishwa, bakapu ikiwemo. Diski iliyoko kabatini havifikii. Wenye uwezo watumie kanda za LTO: kanda moja ya LTO-9 inabeba terabaiti 18 na imeundwa kukaa rafuni hadi miaka 30, ingawa kisomeo chake ni ghali.

Vipi kuhusu kuweka nakala kwenye wingu? Kutuma kunawezekana. Kwa mfano wetu ni gigabaiti 3.4 kwa siku, na kwenye intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni chini ya saa moja usiku. Tatizo ni kurudi. Kushusha terabaiti 9.3 kwa kasi hiyohiyo ni siku 86 mfululizo, bila kukatika. Kwa hiyo wingu liwe nyongeza, na kabla ya kulichagua soma sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019. Zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na huweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.

Nakala yoyote inayotoka hospitalini, hata diski kwenye mkoba, isimbwe kwa nywila. Nywila hiyo iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwa mganga mfawidhi.

Angalizo kutoka kwangu mwenyewe. Katika hospitali moja tuliyoisaidia, umeme ulirudi kwa kishindo usiku, betri za UPS zilikuwa zimechoka tangu mwaka uliotangulia, na diski mbili za RAID 5 zikafa. Tukaenda kwenye bakapu kwa utulivu kabisa. Tulikuta ilisimama miezi saba nyuma, kwa sababu diski yake ilijaa. Mfumo ulikuwa ukitoa taarifa ya kushindwa kila usiku, kwenda kwenye barua pepe ya afisa aliyekwishahamishwa kituo. Miezi saba ya wagonjwa haikurudi. Tangu hapo taarifa zangu zote huenda kwa anwani ya idara yenye wasomaji watatu, na betri za UPS hubadilishwa kwa kalenda, kila baada ya miaka mitatu, hata kama zinaonekana nzima.

## Hatua ya 6: Funga milango

Seva ya picha isionekane kwenye intaneti. Seva nyingi za DICOM duniani zimekutwa zikiwa wazi, majina ya wagonjwa yakisomeka na yeyote. Weka mashine za picha na seva kwenye mtandao wao peke yao ndani ya hospitali. Daktari anayesoma akiwa nyumbani aingie kwa VPN, yaani njia ya mtandao iliyofungwa kwa siri. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia, na anayehama kituo afungiwe siku hiyohiyo. Haki ya kufuta wawe nayo wawili tu, na kila ufutaji uhitaji wote wawili.

## Hatua ya 7: Rudisha picha kila mwezi

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, chagua vipimo kumi bila kupendelea, na angalau vitatu viwe vya mwaka wa zamani kuliko yote. Virudishe kutoka nakala ya pili, si seva kuu. Kisha:

1. Fungua kila kimoja, daktari akitazama. Usiishie kwenye orodha ya majina.
2. Hesabu vipande. Kama rejista inasema 600 na wewe unaona 412, hicho kimepotea.
3. Linganisha alama ya uhakiki. SHA-256 husoma faili zima na kutoa msururu wa herufi na tarakimu 64, na ikibadilika hata biti moja msururu haufanani tena. Alama hizi zitengenezwe picha inapoingia, zitunzwe mbali na picha zenyewe.
4. Andika dakika ulizotumia.

Mara moja kwa mwaka fanya zoezi kubwa: chukua kompyuta tupu, diski ya kabatini na daftari la karatasi, mpe afisa ambaye hakuujenga mfumo, arudishe picha za wiki nzima bila kukupigia simu. Akikwama, kosa ni la daftari. Lirekebishe palepale.

Umefaulu kama kumi kati ya kumi zimefunguka, na daftari lina tarehe, majina na sahihi. Mkaguzi akija, hilo ndilo la kumwonyesha.

## Hatua ya 8: Andika safari ya kuondoka kabla hujaingia

Mfumo wowote utauacha siku moja. Kampuni hufungwa, leseni hupanda, mashine huzeeka. Katika mkataba weka vifungu vinne kabla ya sahihi: picha zote ni mali ya hospitali, zitarudishwa katika DICOM ya kawaida isiyo na mbano wa siri, ndani ya siku zilizotajwa, na gharama yake imo tayari ndani ya bei. Kifungu cha tano nisingekiacha: nywila ya msimamizi mkuu iwe mikononi mwa hospitali tangu siku ya kwanza.

Mwaka wa nne anza kuandaa bajeti ya kuhama. Mwaka wa tano nunua vifaa vipya, hamisha, linganisha idadi ya wagonjwa, ya vipimo na ya vipande pande zote mbili, mwaka kwa mwaka. Seva ya zamani iache ikiwa hai miezi sita baada ya kuhama, maana makosa ya uhamisho hugunduliwa na daktari anayemtafuta mgonjwa mmoja, na mgonjwa huyo huja anapokuja. Miezi hiyo ikiisha na zoezi la mwaka likipita salama kwenye seva mpya, hapo ndipo diski za zamani ziharibiwe mbele ya mashahidi wawili, na namba zake ziingizwe kwenye daftari lilelile la jalada gumu.